Kanga za Bibi: shajara ya kazi hadi arobaini

Siku ya 7 baada ya mazishi

Leo familia imekaa kikao kwenye baraza ya Bibi hapa Magomeni na kukubaliana mambo mawili. La kwanza ni kwamba nguo zake zitagawanywa siku ya arobaini, baada ya dua, kama Shangazi alivyotaka, kwa sababu haoni maana ya nguo kukaa sandukuni ilhali watu wa kuzivaa wapo. La pili ni kwamba kabla ya siku hiyo mimi nitaziorodhesha na kuzipiga picha kanga zake zote, ili kila mmoja wa watoto wake sita apate kitabu kidogo cha kumkumbukia. Kazi nimepewa mimi kwa kuwa ninatunza stoo ya vipuri vya magari, na kikao kiliona kwamba anayeweza kuhesabu beringi hawezi kushindwa na kanga. Zimebaki siku 33.

Niandike machache kumhusu mwenyewe, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma bila kumkuta. Amefariki akiwa na miaka 84. Alizaliwa Bagamoyo, akaletwa Dar es Salaam akiwa mwali, na tangu nipate akili nilimkuta akipika vitumbua alfajiri na kuvimaliza kabla ya saa mbili asubuhi. Alipenda redio, alipenda asmini yake iliyo ukutani mwa choo cha nje, lakini kanga zilikuwa jambo jingine kabisa. Fedha ya kwanza ya vitumbua ilikuwa ya unga wa kesho, ya pili ya ada za shule, ya tatu ya kanga, na ipo miaka ambayo ya tatu ilitangulia ya pili, jambo ambalo marehemu baba yangu hakuwahi kulisahau. Alinunulia Mtaa wa Uhuru, ambao hadi mwisho wa maisha yake aliuita Kichwele kama ulivyoitwa wakati wa Mwingereza, na akirudi na doti mpya haivai siku hiyo. Huisoma kwanza, akaikunja, akangoja.

Nilidhani anangoja sikukuu.

Siku ya 9

Masanduku yamefunguliwa. Shangazi alifungua, mimi nikashika daftari. Kulikuwa na sanduku la bati, begi kubwa la safari na droo ya chini ya kabati. Harufu iliyotoka ilikuwa ya naftalini juu na ya udi chini yake, kwa kuwa Bibi alizoea kuzifukiza kanga kabla ya kuzihifadhi. Hesabu imetoka doti kamili 94 na vipande 23 visivyo na wenzake, yaani vipande 211 kwa jumla. Nimeamua kila doti ichukue namba moja na kila kipande kisicho na mwenzake kichukue namba yake, hivyo orodha itakuwa na namba 117.

Doti 27 hazijakatwa wala kupindwa. Nilitaka kuziandika kuwa ni mpya, Shangazi akanizuia: hizo si mpya, ni zilizopewa. Watu walikwenda kwake na doti mkononi, naye akaziweka ili akialikwa harusi au kumtazama mzazi asiende mikono mitupu. Baadhi, anasema, zimezunguka nyumba tatu au nne bila kuguswa na maji, na huenda mojawapo ilimrudia aliyeinunua. Nimeongeza safu ya hali ya kanga kwenye jedwali, yenye maneno matatu: haijakatwa, imepindwa, imechakaa.

Chini kabisa mwa sanduku la bati kuna vipande 19 vyenye mstari wa rangi ya chai ya rangi. Ukikikunjua kimoja unaona mstari huo umejirudia kutoka mkunjo hadi mkunjo, kwa sababu maji yaliingia nguo zikiwa zimekunjwa, yakapanda hadi hapo na kusimama. Ni mafuriko ya Desemba 2011, Mto Msimbazi ulipoacha njia yake na kuingia majumbani upande wetu wa bondeni. Ninakumbuka Bibi aliulizwa alichopoteza akataja godoro, redio na kuku wawili. Kanga hakuzitaja, nasi tukaamini zimesalimika. Kumbe alizifua kimyakimya, alama zikakataa kutoka, akazirudisha chini ya nyingine.

Siku ya 12

Nimepata namna ya kupiga picha inayofaa, baada ya siku mbili za kuharibu. Kanga ni nyembamba, na ukiitandika juu ya mkeka, mistari ya mkeka inaonekana hadi juu, kwa hiyo ninatanguliza shuka jeupe. Jua la saa tano linaifanya nyekundu ionekane chungwa. Kivuli cha baraza kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi ndicho kinachotoa rangi ilivyo. Ninapanda juu ya meza, ninashika simu sambamba na kitambaa, na kila namba inapata picha tatu: kipande kizima, jina kwa karibu, na alama ya kiwanda kama ipo. Vijikaratasi vya namba tunavishikiza kwa uzi, maana pini huacha kutu.

Nyingi zinahitaji pasi kwanza. Leo luku iliisha tukiwa namba 31, kazi ikasimama hapo.

Siku ya 15

Nimefika namba 58, na leo nimechekwa. Mama Mdogo na majirani wawili walikuja kukunja, nami nikawa ninasoma majina kwa sauti huku ninaandika. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu." "Mgeni njoo mwenyeji apone." "Japo sipati tamaa sikati." Nilipofika "Nilijua mtasema" wakatazamana, na mmoja akaniambia ninasoma kama mtoto wa darasa la kwanza: herufi zote ziko sawa na sijaelewa kitu.

Nilipouliza nieleweshwe, jibu lilikuja kwa mafungu, kila mmoja akimrudisha mwenziwe nyuma. Jina la kanga, walisema, ni nusu tu ya maneno. Nusu nyingine ni nani kaivaa, kapita mlango wa nani, na lini. "Mgeni njoo mwenyeji apone" aliivaa siku mkwe wake wa kwanza alipoingia nyumbani, na hapo ilikuwa karibu. Miaka kadhaa baadaye aliivaa tena siku alipofika ndugu wa upande wa mume aliyezoea kuja kwa wiki moja akakaa miezi mitatu, na hapo haikuwa karibu hata kidogo. Kanga ileile, doti ileile. Kile kipindi cha kungoja baada ya kununua, ambacho nilidhani ni kungoja sikukuu, kilikuwa kungoja mtu wa kuambiwa.

Stoo yetu kazini haina safu ya namna hiyo. Beringi hubaki beringi hata ukimpa nani. Nimeongeza safu mbili usiku huu: tukio, na aliyekusudiwa. Ninajua kwamba nyingi zitabaki tupu, lakini afadhali safu tupu inayoonyesha kwamba kuna kitu kilikuwepo.

Siku ya 18

Simu imezimika na picha za namba 59 hadi 80 zimepotea. Kosa ni langu, sikuzihamisha. Tumerudia zote jana na leo.

Siku ya 21

Leo nimeshughulikia umri wa kanga. Kanga haiandikwi mwaka, isipokuwa zile za kumbukumbu za kitaifa na za uchaguzi, ambazo Bibi alizidharau kwa kuwa zilitolewa bure. Zilizobaki lazima zisomwe kwa dalili nyingine. Saba zina maandishi "K.H.E. Mali ya Abdulla" pembeni mwa pindo, ambayo ni alama ya Kaderdina wa Mombasa, na kitambaa chake ni kizito kuliko cha siku hizi hata baada ya kufuliwa miaka yote hiyo. Kumi na nne Shangazi ana hakika kwamba ni za Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kwa hiyo hizo haziwezi kuwa za kabla ya hapo, hata kama Baba Mdogo anaapa kwamba alibebwa mgongoni kwa mojawapo. Yeye amezaliwa 1965.

Sita ni za kisutu, kanga ya bibi harusi, nyekundu na nyeusi juu ya weupe, na zetu hazina maneno. Nilipokuwa ninatafuta jina kwenye ya kwanza, nikiigeuza juu chini, Shangazi alisema kwa upole kwamba bibi harusi haongei.

Kumi na tisa ni sare. Sare zinajulikana kwa kuwa kila mwanamke wa umri fulani anayeingia hapa barazani akiziona husema, "Hata mimi ninayo hii," kisha anataja harusi. Kwa njia hiyo tumepata matukio 16 ndani ya alasiri moja bila mimi kuuliza swali. Kama ningejua ningeanza nazo.

Siku ya 24

Namba 61 inahitaji ukurasa wake.

Ni kipande kimoja, cha bluu iliyokolea na nyeupe, chenye korosho kwenye pembe na jina "Wema hauozi". Kinachokitofautisha na vingine vyote ni pindo lake, ambalo limeshonwa kwa mkono. Bibi hakuwa mtu wa sindano, kanga zake zote alizipeleka kwa fundi cherehani. Upande mmoja wa kipande hiki haukukatwa kwa mkasi bali ulichanwa, nyuzi zimejitokeza, na aliyeshona amezikunja ndani mara mbili na kuzibana kwa mishono midogo isiyolingana, mirefu mwanzoni na mifupi kuelekea mwisho, kama mtu aliyeanza kwa haraka akatulia. Katikati kuna doa la mafuta la ukubwa wa kitumbua. Shangazi hakujua kilitoka wapi. Alisema tu kwamba mamake alikivaa akienda Kigogo.

Kwa hiyo nimekwenda Kigogo na kipande chenyewe ndani ya mfuko, pamoja na kilo mbili za sukari, kwa shoga yake Bibi ambaye miguu haikumruhusu kuja msibani. Nilipiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa kuja kuniposa, meno yamekwisha."

Macho yake hayaoni vizuri, na picha za kwenye simu hazikumsaidia. Nilimpa kitambaa. Hakukitazama, alikipitisha pindo lake katikati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, hadi alipofika kwenye mishono ile mirefu, akasimama hapo.

"Huu mkono wangu," alisema. "Nilikuwa na hasira."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 80, baada ya Vita vya Kagera, wakati ambapo kuwa na fedha hakukuwa na maana ya kupata kitu. Sukari ilikuwa foleni, sabuni foleni, na kanga ilikuwa foleni ya kuanza kabla ya adhana ya alfajiri. Wao wawili walipanga mstari pamoja tangu usiku, mmoja akimshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kunyonyesha, na walipofika dirishani karani akasema imebaki doti moja. Mbele yao alikuwa amepita mtu aliyeondoka na doti nne bila kupanga mstari. Hasira ilitokana na hilo. Waliinunua kwa fedha za wote wawili, wakatoka nje, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mkasi wakaichana palepale barabarani, kila mmoja akishika upande wake. Uzi wa cherehani nao haukupatikana. Alishona vipande vyote viwili kwa uzi alioufumua kwenye gunia.

Nilimuuliza kipande chake kiko wapi. Ninakiri kwamba nilikuwa nimekwishaiona picha ya vipande viwili kwenye ukurasa mmoja.

"Kilimbeba mtoto wangu wa mwisho, kikawa cha kulalia, kikawa tambara la kushikia sufuria. Nguo ina mwisho wake, mume wangu. Ulitaka nikifanyeje?"

Ameniambia mengine mengi, nusu yake si ya kuandikwa hapa. Nimerekodi dakika 70 kwa ridhaa yake. Safu ya tukio ya namba 61 imejaa. Ya aliyekusudiwa pia.

Siku ya 29

Kumezuka mvutano. Baba Mdogo ameliona jedwali na kupendezwa nalo, anataka lichapwe lote, kwa hoja kwamba kitabu cha picha tupu hakina tofauti na katalogi ya duka. Shangazi amekataa katakata safu ya aliyekusudiwa ichapwe. Baadhi ya waliokusudiwa wako hai, wengine ni wakwe zetu, na yumo mmoja aliyekuja msibani siku zote tatu na kupika. Mtu huyo alipitiwa mlangoni na "Hasidi hana sababu" kwa muda wa Ramadhani nzima, wakapatana, na sasa sisi tumwandikie kitabu?

Nilianza nikiwa upande wa Baba Mdogo, kwa tabia ya kazi yangu. Nimebadilika baada ya kufikiri juu ya chombo chenyewe. Kanga ilimruhusu Bibi kusema bila kusema. Aliyeambiwa alielewa, na kama angeuliza angejibiwa kwamba ni nguo tu, ipo dukani, inavaliwa na watu wote. Mlango huo wa kutokea ndio uliowawezesha wale wawili kupatana. Nikichapa jina la mtu kando ya jina la kanga nitakuwa nimeufunga mlango ambao Bibi aliuacha wazi kwa makusudi. Tumekubaliana kwamba kitabu kitakuwa na picha, jina, hali na tukio, na safu ile itabaki kwenye daftari la Shangazi, kwa mwandiko wake, nje ya kompyuta.

Siku ya 34

Nakala ya majaribio imetoka kwa mchapaji wa Kariakoo, na imenikatisha tamaa. Karatasi ni nzuri na rangi hazikubadilika. Lakini kijana aliyepanga kurasa aliona pindo kuwa ni fremu, akalipunguza ili picha zijae vizuri, na pamoja na pindo amekata ukanda wa chini wa mji, yaani uwanja wa katikati wa kanga, ambako jina huandikwa. Kurasa 40 za kanga zisizosema kitu. Nilipomwonyesha alishangaa kwa dhati na kusema kwamba bila maneno zinaonekana safi zaidi. Ni mtoto wa mjini, mamake bila shaka anazo kanga kabatini. Sikugombana naye. Nimekaa kando yake saa tatu, tumerudisha picha moja baada ya nyingine.

Siku ya 38

Nakala sita zimekamilika, na ya saba nimeilipia mwenyewe kwa ajili ya Kigogo, ingawa mwenyewe hataiona vizuri. Mjukuu wake atamsomea.

Siku ya 40

Dua imesomwa baada ya alasiri, watu wamekula, na kanga zimegawanywa. Utaratibu aliupanga Shangazi: doti ambazo hazijakatwa zilitolewa kwanza, kwa wale waliouguza na wale waliopika, kisha mabinti na wakwe, kisha wajukuu, kisha majirani. Kila kilichotoka nilikiandikia kilikokwenda. Kulikuwa na wakati mmoja mgumu, wifi wawili waliposhika pembe mbili za Mali ya Abdulla moja na kila mmoja akawa anamsihi mwenzake aichukue, kwa namna ambayo hakuna aliyeiachia. Shangazi alitoa mkasi. Walicheka, ikakatwa.

Shoga yake Bibi aliletwa kwa bajaji. Nilikuwa nimemwekea namba 61, imefuliwa na kupigwa pasi, juu ya sahani yenye asmini, nikamkabidhi mbele ya watu. Aliipapasa, akaitambua, akanirudishia.

"Hii imechakaa. Nipeni ile ya njano."

Ile ya njano ni namba 113, haijakatwa, inanukia wanga wa dukani, imeandikwa "Mchagua jembe si mkulima". Amepewa. Aliifungua kidogo ili auhisi ukubwa wa herufi, akauliza inasemaje, akaambiwa, akaipenda zaidi.

Siku ya 43

Hali ya kazi ni hii: namba zote 117 zina picha na zimehifadhiwa sehemu tatu tofauti, 111 zina majina na sita za kisutu hazina, 79 zina tukio na 38 bado. Nimewaachia wanawake watatu nakala za karatasi za hizo 38, wazijaze kadiri watakavyokumbuka. Sanduku la bati amelichukua Mama Mdogo, na asmini inahitaji kumwagiliwa hadi mpangaji aje.

Namba 61 haikupata wa kuichukua, nami nimeiandikia kuwa iko kwangu. Kwenye upande ule uliochanwa mshono umefumuka, sehemu ya urefu wa vidole vinne hivi. Fundi wa jirani ameniambia kwamba akiupitisha cherehani ni dakika mbili. Nimemwambia asubiri. Jumamosi ninakwenda Kigogo kupeleka kile kitabu, nitaichukua pamoja na sindano na uzi wa gunia. Nyuzi za sindano nitamtungia mimi.